Sauti ya Pili ya Dada Yangu

Siku nilipopanda basi la kwenda Lushoto kutoka Tanga, mwezi Agosti mwaka 2022, nilikuwa nimepakata kisanduku cha chuma kilichofungwa ndani ya kitenge. Abiria aliyeketi ubavuni mwangu, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, aliniuliza kama ni redio. Nikamjibu kuwa si redio. Akauliza kama ni kile chombo cha kupimia shinikizo la damu. Nikamwambia, "La, Mzee. Hii ni sauti ya dada yangu." Hakuniuliza tena neno mpaka Mombo, ambako aliteremka huku akinitazama kwa huruma, nasi wengine tukaanza kuukwea mlima kuelekea Soni.

Nakiri kwamba jibu lile lilikuwa la kujigamba. Lakini halikuwa la mzaha, na ili nieleweke hapana budi nianze mbali kidogo.

Mimi na Dada tulianza kuimba pamoja mwaka 1994, katika harusi na sherehe za kuagana pale Lushoto, Soni, na mara mojamoja bondeni Mombo. Mimi nilipiga gitaa na kushika sauti ya kwanza. Yeye alishika ya pili, juu ya yangu. Wazazi wetu walikuwa watu wa redio, wapenzi wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, kwa hiyo sauti mbili zinazopanda na kushuka bega kwa bega hazikuwa jambo la kufundishwa nyumbani kwetu. Tulizikuta kama tulivyoikuta chai. Hatukuwa mashuhuri. Malipo yetu yalikuwa chakula, na mwenye harusi akiwa mwungwana, nauli. Hatukupata kurekodi hata wimbo mmoja, jambo ambalo wakati ule halikunisumbua hata kidogo.

Dada alizaliwa mwaka 1968. Wasomaji waliokulia milimani watakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida katika sehemu nyingi za nyanda za juu, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto katika miaka ya 1990. Akina mama walilificha kwa mtandio na maisha yakaendelea. La Dada lilianza dogo kama yai la kwale, na kwa muda wa miaka mingi likakua hadi likaanza kulibana koo lake, akawa hawezi kulala chali. Mwaka 2013 alifanyiwa upasuaji. Ulifaulu, leo hii analala apendavyo na anapanda kilima cha nyumbani kwake bila kutweta. Lakini mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita jirani kabisa na tezi ile, na madaktari walikuwa wamemweleza mapema kwamba huenda ukaguswa. Alilijua hilo na alitia saini kwa mkono wake mwenyewe. Alipopona, sauti ya kuzungumza ilimrudia, nyembamba, kama ya mtu anayekupa siri. Ya kuimba haikurudi.

Tangu hapo sikulifungua gitaa mbele yake. Niliona ni heshima. Yeye, nilikuja kujua baadaye, aliona vingine.

Basi, mwaka 2022 binti yake alipata mchumba, na siku ya sherehe ya kumuaga ilipopangwa akanipigia simu Tanga. "Mjomba," akasema, "sitaki zawadi. Nataka wimbo wa Bibi, kama mlivyokuwa mkiuimba wewe na Mama." Wimbo wenyewe ni wa marehemu mama yetu, wa Kisambaa, ambao alizoea kuuimba akipukuchua mahindi. Sisi ndio tuliouongezea sauti ya pili. Katika ukoo wetu mjomba hamkatalii bibi harusi, hasa anapokuwa hajaomba kabati wala friji. Nikasema ndiyo, kisha nikakata simu nikabaki nimeduwaa. Kumtafuta mwimbaji mwingine akae mahali pa Dada, mbele ya macho ya Dada, sikuweza.

Mwanamuziki mmoja niliyefahamiana naye ndiye aliyenieleza habari za kile kisanduku. Nilikipata Kariakoo, Dar es Salaam, kikiwa kimetumika, kwa mtu aliyekuwa akiacha muziki na kuingia biashara ya vipuri. Jina la kampuni silitaji, maana hawajanipa hata kofia.

Kazi ya kisanduku hiki ni kuisikiliza sauti ya mwimbaji, kuipima inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, kisha kutengeneza nakala yake iliyopandishwa au kushushwa na kuzitoa zote mbili kwa pamoja. Mtu mmoja huimba, na wasikilizaji husikia wawili. Si jambo la jana. Kampuni ya Eventide ya Marekani ilikuwa ikiuza mashine ya kuhamisha sauti tangu katikati ya miaka ya 1970. Lakini mashine za awali zilihamisha sauti kwa kipimo kile kile daima, na binadamu haimbi hivyo. Mwenye kuimba sauti ya pili juu ya do huenda mi, na baina yake kuna nusu-sauti nne. Juu ya re huenda fa, na hapo nusu-sauti ni tatu tu. Sikio la mtu hufanya hesabu hiyo pasipo kujua kwamba limehesabu. Mashine haina sikio la namna hiyo. Haina budi kuambiwa ufunguo wa wimbo, ndipo ijue lini iruke nne na lini iruke tatu. Kuna zinazoutambua ufunguo zenyewe kwa kulisikiliza gitaa. Changu nacho kilikuwa na tundu la gitaa, ila tundu lilikuwa limekufa, na hiyo ndiyo sababu bei ilikuwa nafuu.

Nilifika nyumbani kwa Dada, njia ya kwenda Magamba, siku tatu kabla ya sherehe. Baridi ya Agosti mnaijua. Nikaandaa vitu vyangu sebuleni: kipaza sauti, waya, mikisa ndogo ya kuazima na spika moja. Dada alikuwa jikoni akikata kabichi. Kisu nilikisikia, yeye sikumsikia. Kwanza niliikagua adapta, kwa kuwa ile ya asili ilipotea na niliyopewa ni ya kununua. Ncha kuingia tunduni si ushahidi kwamba inafaa. Lazima volti zilingane na zilizoandikwa nyuma ya chombo, na upande wa chanya uwe ule ule uliochorwa. Watu wengi wameunguza vyombo vya mamia ya maelfu kwa adapta ya elfu tano. Kisha nikachomeka kipaza sauti kwenye kisanduku, na kutoka kisanduku nikapeleka waya mikisani. Ukikosea ukaanzia mikisani, kisanduku hakitasikia kitu. Nikaimba kwa nguvu zangu zote huku nikiongeza usikivu wa kipaza sauti taratibu, mpaka taa nyekundu ikawaka, halafu nikaupunguza hadi taa ikazimika kabisa. Sauti inayoingia imekwaruza hutoka na pacha aliyekwaruza pia.

Hapo kisu kikanyamaza. Dada akasimama mlangoni, mikono imejaa maji.

"Umeinunua sauti yangu kwa shilingi ngapi?"

Mjinga mimi, nikataja bei.

"Laki nne," akasema kwa ule mnong'ono wake. "Kumbe ilikuwa rahisi." Akarudi kwenye kabichi.

Ningeweza kukifunga kisanduku pale pale ndani ya kitenge chake. Nilichofanya ni kile ambacho wanaume wengi hufanya tukiaibika, yaani nilijifanya nina kazi ya ufundi isiyoweza kungoja. Nikaweka ufunguo wa G, nikachagua sauti moja ya pili, tatu juu, nikapiga gitaa na kuimba mstari wa kwanza wa Mama.

Ndugu msomaji, mbuzi wa jirani walijibu. Sauti yangu ilikuwa mahali pake, gitaa mahali pake, na yule pacha alikuwa akitangatanga baina yetu, mara yuko sawa, mara amekosa kwa nusu-sauti, kama mlevi anayejaribu kufuata mstari. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile. Nikaongeza mwangwi, nao ukaifunika aibu bila kuiondoa. Nilihangaika kiasi cha nusu saa. Isitoshe yule pacha, hata alipopatia, hakuwa mwanamke. Alikuwa mimi niliyefinywa.

Kutoka jikoni nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Dada alikuwa anacheka. Kicheko chake sasa hakina sauti, ni pumzi tu zinazogongana, lakini kilimleta mpaka kwenye kochi akajifuta machozi.

"Huyo mtoto ni nani?" akauliza. "Na kwa nini anaimba G wakati wewe uko A?"

Nikatazama shingo ya gitaa. Kapo, kile kibanio cha nyuzi, kilikuwa kwenye chuma cha pili, mahali ambapo nimekiweka kwa wimbo huu maisha yangu yote. Vidole vyangu vilikuwa vinashika umbo la G, lakini kapo kwenye chuma cha pili huinua kila kitu kwa nusu-sauti mbili, na G inakuwa A. Mashine iliamini nilichoiambia. Nikaweka A, nikaimba tena, na yule pacha akatulia papo hapo.

Kuhusu ufinyu wa sauti, dawa ipo. Ukipandisha sauti ya mwanamume kwa kipimo tu, unapandisha pia umbo la koo na kinywa lililosikika ndani yake, ndipo inapotoka kama ya katuni. Mashine za siku hizi zina swichi ya kuzitenganisha hizo mbili, ya kusogeza umbo upande wa kike au wa kiume bila kuigusa noti. Nikaizungusha polepole huku Dada amefumba macho. Akainua kidole: hapo. Haikuwa sauti yake, wala sikutarajia iwe. Ilikuwa ya mwanamke fulani, wa makamo, mtulivu. "Binamu," Dada akasema. Jina hilo likabaki.

Nilidhani tumemaliza. Tukafika mwisho wa mstari wa pili, na Dada akanipiga gotini kwa mwiko.

"Hapo siendi nawe."

Alikuwa na haki. Mwisho wa ule mstari sauti ya kwanza hushuka mi, re, do. Binamu, aliyeamriwa kukaa tatu juu, alishuka pamoja nami kwa utiifu: so, fa, mi. Dada hakuwa akishuka. Alibaki juu ya so, amesimama pale pale, akiningoja nifike chini. Miaka yote ile niliimba chini ya noti hiyo na kuiona tamu pasipo kujiuliza imetengenezwaje. Tukahesabu kwa vidole mezani. Kutoka mi hadi so ni tatu. Kutoka re hadi so ni nne. Kutoka do hadi so ni tano. Kumbe ili mtu asimame, mashine lazima isogee kila noti. Nikatengeneza mipangilio mitatu iliyofuatana, wa tatu, wa nne na wa tano, ili kibonyezo cha mguuni kikikanyagwa kiende kwenye unaofuata, na baada ya wa mwisho kirudi kwenye wa kwanza.

Kuimba, kupiga gitaa na kukanyaga kwa wakati barabara, noti kwa noti, kulinishinda. Nilichelewa, au niliwahi, au nilikanyaga mara mbili nikatoa noti ambayo marehemu Mama asingeikubali. Jioni hiyo yote nilikuwa nacheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Hatimaye Dada aliinama, akakiokota kisanduku sakafuni, akakiweka mapajani, na kubonyeza kwa kidole gumba. Hakukosea hata mara moja. Wala hakunitazama.

Tulifanya mazoezi hadi saa nne usiku. Alishusha sauti ya Binamu hadi ikawa chini ya yangu kwa kiasi kikubwa kuliko nilivyokuwa nimeipima mimi. Alisema msikilizaji asimwone Binamu, amkose tu akiondoka. Karibu aufute mwangwi wote. Kila alipobadili kitu alikiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya mchango wa sherehe, kwa tarakimu zake ndogo zilizonyooka. Mimi nilimwambia hapana haja, mashine ina kumbukumbu. Akaendelea kuandika.

Hayawi hayawi, yakawa. Ukumbi ulijaa, waliokuja kutoka Mlalo na Bumbuli waliwahi kuliko wa Lushoto mjini, kama ilivyo desturi ya wanaotoka mbali. Nilimwomba fundi mitambo mambo mawili. La kwanza, spika kubwa ziwe mbele yetu na kipaza sauti kiwe nyuma yake, kwa sababu sauti ya spika ikirudi kwenye kipaza sauti huzaa ule mluzi unaotoboa masikio, na kisanduku hiki huuzaa mara mbili. La pili, muziki wake wote uzimwe wakati wa wimbo. Kisanduku hupima kila kinachoingia kwenye kipaza sauti. Kikisikia ngoma hujaribu kuipatia ngoma sauti ya pili. Kwa sababu hiyo hiyo mwimbaji hukikaribia kipaza sauti kabisa, upana wa vidole viwili au vitatu. Fundi alikuwa kijana msikivu. Akatupa meza ndogo pembeni na Dada akaketi hapo, kisanduku mbele yake, kitenge kikifunika waya. Wageni wengi walidhani anahesabu fedha za michango.

Mshereheshaji akatutangaza. Nikasimama, nikashika umbo la G, na umeme ukakatika.

Ukumbi mzima ukasema "aaah" kwa ufunguo mmoja. Jenereta ilichukua dakika tatu kuwaka. Taa ziliporudi, kisanduku nacho kiliamka, na nikaona kwenye kioo chake kidogo herufi C. Mashine ina kumbukumbu, ndiyo, lakini kwa yale uliyoiambia iyahifadhi. Mipangilio ile mitatu nilikuwa nimeihifadhi siku ya kwanza, kabla Dada hajaanza kurekebisha. Yote yaliyofuata, kiwango cha Binamu, mwangwi, umbo la koo, na hata ufunguo wenyewe niliokuwa nimeusahihisha jikoni kukinuka kabichi, yalikuwa yamekwenda na umeme. Sikuwa nimebonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Nikamgeukia Dada ili nimwambie tuache. Katika ukumbi wenye watu wapatao mia mbili na jenereta inayonguruma, mnong'ono wake hauwezi kuvuka hata nusu mita, na yeye hakujaribu. Alikuwa ameigeuza kadi ya mchango juu ya meza. Akanionyesha kwa mkono: piga. Nikapiga gitaa peke yake, nikazunguka utangulizi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku nikiona kidole chake kikitoka kwenye kadi kwenda kwenye kitufe na kurudi kwenye kadi. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Baadhi walianza kupiga makofi polepole. Mara ya sita au ya saba akainua kichwa na kunitikisia.

Nikaingia. Binamu akaingia nami, chini kidogo, mahali pake. Mwisho wa mstari wa pili mimi nikashuka, na juu yangu so ikasimama, haikutikisika, ikaningoja mpaka nikafika. Shangazi yetu aliyekuwa meza ya mbele aliinua macho kumtafuta mwimbaji; aliangalia kinywa cha Dada kilichofungwa, kisha akaangalia mikono yake.

Tulipofika mstari wa mwisho kabisa, Binamu akatoweka. Niliimba neno la kwanza nikiwa uchi, nikadhani waya umechomoka, na kwa hofu nikapunguza sauti. Sijui kama ni mimi tu, lakini ukumbi ulinyamaza namna ambayo haukuwa umenyamaza kabla. Nikaumaliza mstari peke yangu. Bibi harusi alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Usiku ule, tukikunja waya, nikamwuliza Dada kama kisanduku kilipata hitilafu.

"Nilikizima mimi."

"Kwa nini?"

"Huo mstari sijapata kuuimba hata siku moja. Nilikuwa nanyamaza, nikikuachia." Akafunga adapta kwa ukanda wa mpira. "Tangu mwaka 94. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Miaka kumi na tisa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Kwa miaka mingine tisa nimekuwa nikimlilia sauti yake moyoni, na kimya chake nilikuwa sijapata kukisikia.

Sikurudi Tanga na kisanduku. Kuna binti mdogo jirani yake, mwenye sauti safi ila hana wa kuimba naye, na Dada alikuwa amekwisha kumwita aje Jumamosi kabla hata hajaniomba ruhusa. Siku kumi baadaye, nikiwa kazini bandarini, nilipata ujumbe wake wa maandishi. Anaandika kuliko kupiga simu. Aliniambia tundu la gitaa limefunguliwa na kusafishwa na fundi wa redio pale mjini, sasa linasikia. Kisha akataka nimtumie kwa basi la asubuhi waya wa kipaza sauti wa mita sita, wa tano haufiki mezani.